Neno la Mkalimani Mwenyewe

Mkalimani alizaliwa lini na katika ukoo gani, hayo waulizeni watu wa kwao Sindo, ambao wana kumbukumbu nzuri na muda wa kutosha. Mimi nitasema yale niliyoyaona nikiwa nyuma ya mashine. Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya sauti: spika nne, maiki tatu, jenereta moja, na pikapu ya kuvibebea. Kwetu ni Kehancha, duka langu liko Migori mjini, na kwa miaka kumi na minane nimefunga na kufungua nyaya kwenye mazishi, harusi na mikutano ya injili, kuanzia mpakani mwa Tanzania mpaka ufuoni mwa ziwa. Palipokuwa na mgeni asiyejua Dholuo, lugha ya Wajaluo, na siku hizo walikuwa wengi, mkalimani alikuwa yeye. Nilimwita Mama, yeye akaniita Fundi, na tukaishi hivyo.

Jambo la kwanza ambalo mtu yeyote angekuambia juu yake ni kwamba hakuweza kutulia. Ukimpa kiti atakikalia kidogo, ainuke, akigeuze, akikalie tena. Leso yake aliikunja mara nne, akaikunjua, akaikunja upya. Ndani ya gari ndiko kulikuwa na balaa. Kioo juu, kioo chini. Mkanda aufunge, aufungue. Risiti zangu zilizotupwa mbele ya usukani alizipanga kwa ukubwa, halafu akazivuruga akazipanga kwa rangi. Siku moja tulipokuwa tumesimama kununua mahindi ya kuchoma, nilimwambia kwamba mlango wa gari langu utazeeka kabla ya injini. Akacheka, akaufungua, akaufunga.

Mimi mwenyewe si mtu wa subira. Waliowahi kunikodi wanajua kwamba kabla ya amina ya mwisho nimeshaanza kukunja waya. Mtafikiri basi watu wawili wasiotulia wangeelewana. Wapi. Alinichosha, nami nilimchosha, na bado kila aliponipigia simu kuuliza kama kuna nafasi kwenye pikapu, nafasi ilikuwepo.

Akishapanda jukwaani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mikono ilitulia, miguu ilitulia, macho yakaganda kwenye mdomo wa mgeni. Alisimama kushoto, nusu hatua nyuma, na alichofanya mgeni ndicho alichofanya. Mhubiri akiruka, aliruka. Akipiga magoti, alipiga magoti, na magoti yenyewe yalikuwa mabovu, nilikuwa nayasikia kwenye maiki. Sentensi moja ya mgeni, moja yake. Na alikuwa na sheria ambayo hakuivunja kwa ajili ya mtu yeyote: mgeni akisema "mimi", naye anasema "mimi". Ukisema "anasema kwamba", alinifundisha, umeshayaua mahubiri, watu wataanza kutazama kuku.

Kwa sheria hiyo nimemsikia akikiri mbele ya umati kwamba alikuwa mlevi wa kupindukia huko Eldoret, kwamba alimpiga mke wake mpaka mke akarudi kwao, kwamba alikuwa jambazi, askari, na mara moja mganga. Yote kwa sauti iliyo wazi, kwa masikitiko ya kweli. Akina mama wa soko la Kosele walimtania kwamba hakuna mtu aliyeokoka mara nyingi kuliko yeye. Aliwajibu kwamba hata hivyo bado hana uhakika.

Msidhani lakini kwamba alikuwa bomba tu la kupitishia maji. Kanisani alikuwa mwaminifu mpaka kwenye kikohozi, ila kwenye baraza za wazee alikuwa mwizi. Wakati mmoja tulikuwa Kehancha, kwenye mkutano wa amani juu ya ng'ombe waliopotea. Wajaluo upande huu, sisi Wakuria upande ule, na Kiswahili katikati. Mzee mmoja wa upande wa kina mkalimani akasimama, akaanza kwa salamu na ombi, kisha akatoa maneno makali sana, maneno ambayo yangeweza kuturudisha nyumbani mbio. Mkalimani akayasikiliza yote, akatugeukia, akasema kwa Kiswahili kwamba mzee anafurahi kuona majirani wameketi pamoja na anaomba ng'ombe watafutwe kwa bidii.

Kwa bahati mbaya mzee mmoja wa kwetu alikuwa amefanya biashara ya samaki ziwani nusu ya maisha yake, na Dholuo aliijua. Alijiinua polepole juu ya fimbo yake.

"Mama," akasema, "hiyo maneno imepungua njiani. Rudisha ile imeanguka."

"Mzee wangu," akajibu mkalimani, "ile imeanguka wacha ikae tu chini. Haina faida ya mtu."

Watu walicheka pande zote mbili, na naibu wa chifu akatumia nafasi hiyo kuomba soda ziletwe. Nilirudi Migori siku hiyo nikijivuna utadhani ni mimi niliyesema. Nilipolifikiria baadaye nikaona jambo jingine. Kupunguza maneno ya watu alijua, na alikuwa na ujasiri wa kufanya hivyo mbele ya fimbo ishirini. Lakini kuongeza neno lake, hata moja, sikuwahi kumsikia.

Hata hotelini ilikuwa hivyo. Tulipokuwa tukisimama Migori kula, mhudumu akimuuliza anakunywa nini, aliniuliza mimi nakunywa nini. Nikisema chai, naye chai. Nikisema soda, naye soda. Siku moja niliamua kumjaribu. Mhudumu alipofika nikanyamaza, nikajifanya nasoma simu. Mhudumu akasimama. Mkalimani akanitazama, akalitazama dirisha, akaikunja leso. Mwishowe akaonyesha kidole meza ya jirani na kusema alete kama ile. Ilikuwa matumbo, na matumbo hakuwa anakula. Aliyala yote, polepole, bila kulalamika, nami nikakasirika mpaka nikashindwa kumaliza chakula changu. Nilimuuliza hivi wewe, Mama, unapenda nini hasa. Akasema, "Fundi, hiyo swali ni kubwa kwa mtu anakula."

Safarini alikuwa na mchezo wake, na alianza kuucheza kila tulipopita kwenye mteremko ambapo ziwa linaonekana. Alihesabu mambo ambayo hakuyafanya maishani. Hakuhesabu kwa kulia, alihesabu kwa ukali, kwa namna ya mtu anayepekua mfuko akijua kuna kitu amekiacha sokoni. Hakwenda chuo cha ualimu, ingawa barua ya kumwita ilifika, kwa sababu wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa injili na mkalimani mwingine hakupatikana. Hakujifunza kuogelea, yeye aliyekulia ukingoni mwa maji. Hakufika Mwanza, ambako kila mtu wa Sindo ana shangazi. Hakumwambia mume wake kwamba rangi ya samawati haimpendezi. Mume alimnunulia vitambaa vya samawati miaka yote ya ndoa yao, kwa mapenzi, na siku ya kumzika mume huyo, Mama alisimama kaburini amevaa samawati.

"Si ungemwambia tu?" nilimuuliza.

"Ningeanza aje?"

Kuanza. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake, ila mimi nilikuwa nabadilisha gia na sikulisikia. Nilimjibu kwa methali, kama tunavyofanya tukiwa hatuna la kusema, kwamba majuto ni mjukuu. Akasema wajukuu wake wa kweli wako Nairobi na hawapigi simu, kwa hiyo huyu ndiye anayeishi naye, na afadhali yeye haombi hela za kifurushi.

Tulicheka. Lakini kuna jambo moja ambalo halikuwa kwenye hesabu yake hata mara moja, na nililijua, kwa sababu nilikuwepo. Kila alipoanza kuhesabu nilishika usukani kwa mikono miwili nikingoja alitaje. Hakulitaja. Na kadiri alivyozidi kuliruka ndivyo nilivyozidi kuelewa kwamba ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Ilikuwa hivi. Alinipigia simu siku ya Jumatano akauliza kama Jumamosi nina nafasi. Nikasema ninayo mpaka saa tisa, kwa sababu jioni nina mkutano Kosele. Akasema basi nilete spika zote nne, ni mama yake. Nilimpa pole, akashukuru, akauliza kama ile maiki ya waya mrefu imetengenezwa.

Boma la mama yake liko juu ya Sindo, kwenye njia ya mawe. Kanisa lilikuwa limemwalika mhubiri kutoka Nakuru, mtu mpole, mwenye Kiswahili kizuri na bila neno la Dholuo. Alikuwa amepangiwa mkalimani, mwalimu mmoja kutoka Homa Bay. Mwalimu hakufika. Msimamizi wa programu akasimama na maiki mkononi, akatazama umati, na umati wote ukageuza shingo kutazama mahali pamoja. Mkalimani alikuwa ameketi mbele na familia, kitambaa kichwani, karibu na jeneza. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna hata aliyemwomba kwa mdomo. Aliinuka mwenyewe. Miguu yake ilikuwa imezoea kuinuka maiki ikiwa haina mtu.

Akachukua nafasi yake, kushoto, nusu hatua nyuma. Mhubiri akafungua Biblia, akatazama watu, akaanza.

"Mimi mama huyu sikumjua."

Akatua ili yatafsiriwe. Najua alikokuwa anaelekea, wahubiri wengi hupita hapo: mimi sikumjua lakini Mungu alimjua. Si kosa lake, hakuna aliyemwambia mwanamke aliyesimama kando yake ni nani. Mkalimani alikuwa na nafasi ya kusema "anasema". Neno moja tu, na sheria yake ingevunjika mara moja katika maisha, na hakuna ambaye angemlaumu. Nilimwona akivuta pumzi. Halafu akasema kwa Dholuo, kwa sauti ile ile iliyo wazi, mbele ya jeneza, kupitia spika zangu nne, kwamba yeye mama huyu hakumjua.

Mwanamume mmoja alicheka, akakimeza kicheko. Bibi mmoja mzee, mke mwenza wa marehemu, akaweka kiganja mdomoni na hakukiondoa. Mhubiri akaendelea. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufika katika boma hili. Sijui alipenda chakula gani, sijui alicheka vipi, sijui aliwaita watoto wake kwa sauti gani. Kila mara akatua, na kila mara mkalimani akayasema yote, moja baada ya jingine, kwa "mimi" ile ile. Sauti yake haikutetemeka. Mimi ndiye niliyeshindwa, nikapunguza sauti ya mashine kidogo, halafu nikaona aibu nikairudisha.

Hotuba zilipokwisha, kabla jeneza halijainuliwa, alikuja kwenye meza yangu ameishika maiki kwa leso. Alikuja karibu sana, nami nikaona kwamba midomo yake ilikuwa mikavu.

"Fundi, muda iko kidogo? Nataka kusema kitu. Ni dogo tu."

Katika miaka yote hiyo sikuwa nimemsikia akisema nataka. Ningepaswa kusimama na kuwanyamazisha watu wote. Lakini saa tisa ilikuwa imepita, mawingu yalikuwa yamekusanyika juu ya ziwa, na Kosele walikuwa wamenipigia simu mara tatu. Nikamwambia, "Pole Mama, petroli imeisha. Jenereta inazima saa hii." Nikazunguka nyuma ya hema, nikaizima kwa mkono wangu. Tangi ilikuwa imejaa zaidi ya nusu.

Akasema sawa. Akaifuta maiki kwa leso, akairudisha mezani, akarudi kwa jamaa zake. Kaburini mhubiri aliomba kwa Kiswahili bila spika, na mkalimani akatafsiri maombi hayo kwa koo tupu, nami nikamsikia vizuri nikiwa nakunja waya. Nikielekea Kosele mvua ilinikuta njiani, mkutano ukaahirishwa, nikakaa ndani ya gari nikitazama uwanja wenye matope. Sijawahi kujichukia vile.

Baada ya hapo tulifanya kazi pamoja miaka sita. Miaka sita kwenye gari moja, yeye akifungua kioo na kukifunga, akihesabu chuo, Mwanza, samawati. Nilijaribu kumwambia. Nilianza mara nyingi: Mama, ile siku ya mazishi. Na kila nilipoanza, aliniambia niangalie barabara, hata pale ambapo barabara ilikuwa imenyooka na haina hata mbuzi. Nikaiangalia. Nilikuwa na tabia ya kumcheka kwa mambo asiyoyafanya, na hili langu dogo, la sentensi moja, nililibeba kutoka Kehancha mpaka Sindo na kurudi nalo. Kila nilipojaza jenereta mafuta nilikumbuka. Nilifikia hatua ya kununua mtungi wa akiba, eti petroli isije ikaisha kweli.

Kazi yake ilikwisha kwa heshima, na hilo liliumiza zaidi. Watu walikuwa wameshajua Kiswahili. Watoto wa shule walikuwa wazazi, kila mtu alikuwa na simu, mazishi yakaanza kurushwa moja kwa moja kwa jamaa walio Dubai. Siku yake ya mwisho ilikuwa hapo hapo Kosele. Mhubiri akasema kichekesho, watu wakacheka, halafu mkalimani akakitafsiri kwa watu waliokwisha kucheka. Wakamcheka kidogo, kwa adabu. Ilipotokea mara ya tatu, pasta kijana akamsogelea akamwambia polepole, "Mama, pumzika tu, hawa wanaelewa." Akaifuta maiki, akanipa, akaenda akaketi chini ya hema. Aliketi mpaka mwisho wa mkutano bila kukigeuza kiti. Sikutaka kumtazama.

Akarudi Sindo. Mwanzoni nilimpigia simu, kisha nikampigia sikukuu, kisha nikawa nasikia habari zake kwa watu. Mnajua inavyokuwa.

Mwezi uliopita nilikuwa na harambee ya kanisa huko huko Sindo. Ilikwisha mapema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikunja nyaya polepole. Nikauliza anapokaa. Ni vyumba viwili nyuma ya duka la nyavu. Alikuwa mlangoni anafuma kitambaa cha kochi, na kando yake palikuwa na mpira mkubwa wa uzi wenye mikunjo, uzi wa kitambaa kilichofumwa kikafumuliwa. Jirani yake alishanieleza njiani kwamba hamalizi hata kimoja. Akikaribia ukingo anafumua.

Alifurahi kuniona. Akauliza watoto, akauliza gari, akasema nimenenepa na hiyo ni tabia ya watu wa mjini. Mikono haikukoma. Nilikataa kiti. Nilijua nikiketi tu tutazungumza habari za barabara mpaka jioni na nitaondoka nilivyokuja.

"Mama," nikasema, "ile petroli haikuwa imeisha."

"Petroli gani?"

"Ya mazishi ya mama yako. Tangi ilikuwa nusu. Nilikudanganya, nilikuwa na haraka ya Kosele."

Sindano ya kufumia ikasimama. Sikuwa nimewahi kuiona mikono ile imetulia nje ya jukwaa. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimeendesha gari kwa ajili hiyo.

"Fundi, kaburi ilikuwa wapi?" akauliza.

"Kando ya nyumba."

"Na mimi nilikuwa nimesimama wapi?"

"Hapo kando yake."

"Hatua ngapi?"

"Tatu. Ama mbili."

"Na ile maombi ya mwisho, ni nani alitafsiri?"

"Ni wewe, Mama."

"Na maiki?"

"Maiki haikuwa."

"Watu walisikia?"

Nikasema walisikia wote, hata mimi nilisikia. Akatikisa kichwa, akaweka kitambaa chini.

"Nimesema hii miaka yote, kama si ile petroli ningeongea. Na nikisema najua si kweli. Mama yangu alikuwa hatua mbili na mimi nilikuwa na sauti. Sasa petroli ni yako, ibebe. Kunyamaza ni yangu."

Nilimwomba msamaha hata hivyo. Akasema amenisamehe siku nyingi, aliisikia petroli ikicheza ndani ya tangi wakati vijana walipoipakia jenereta kwenye gari. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi ikabidi niketi kwenye kile kiti nilichokikataa. Miaka sita alijua, akakaa kando yangu, akaniambia niangalie barabara. Kumbe tulikuwa wawili tuliojificha nyuma ya jenereta moja.

Nikamuuliza alitaka kusema nini siku ile. Akasema hajui. Siku ile alikuwa nalo mdomoni, sasa hajui. Akainuka, akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Alipotoka mara ya pili alikuwa amevaa viatu.

"Uko na gari?"

Tukapanda njia ya mawe. Hakugusa kioo. Aliniambia kwamba hajafika pale tangu siku ya kuzika. Ndugu yake yuko Mombasa, boma halina mtu, na kila mwaka alijiambia atakwenda Disemba. Tulikuta nyasi zimefika magotini na mbuzi wa jirani wamelala juu ya saruji ya kaburi. Nikawafukuza. Nilitaka kushusha spika moja, niliona itakuwa heshima, nikamwambia kwamba tangi imejaa pomoni. Akasema hiyo mavyombo yangu niiache kwa gari.

Akasimama. Akafungua mdomo. Nikaona kifua kinapanda kwa pumzi, kikashuka bila kitu. Akajaribu tena. Akaikunja leso, akaikunjua. Mbuzi mmoja alirudi akatutazama. Mara ya tatu akaufunga mdomo, na uso wake ukawa wa mtu aliyeumbuka mbele ya watu wengi, ingawa tulikuwa wawili tu. Niliogopa. Nilielewa kwamba akishuka kilima kile bila kusema, hatapanda tena.

"Fundi," akasema, "anza wewe."

"Nianze nini? Mama ni wako."

"Sema chochote. Mimi nitafuata."

Mimi maneno yangu yote kwenye maiki, tangu nianze kazi, ni moja mbili, moja mbili, mnasikia huko nyuma. Nikatazama saruji. Ilikuwa na ufa mwembamba katikati. Sikumjua mama aliyelala chini yake, sikuwa na haki yoyote hapo, lakini mkalimani alikuwa amekaza macho kwenye mdomo wangu, nikaona hakuna njia nyingine. Nikavuta pumzi.

"Mama, ni mimi," nikasema kwa Kiswahili. "Nimechelewa."

Akasema kwa Dholuo, kwa sauti ile ya jukwaani, iliyo wazi, kwamba ni yeye, amechelewa. Nikaanza kutafuta sentensi ya pili. Nilikuwa nimeshaipata, nimeiweka tayari mdomoni, lakini yeye alikuwa ameshaanza nyingine. Na nyingine. Haikuwa sauti ya jukwaani tena, ilikuwa ndogo, ya haraka, yenye ugomvi ndani yake, ya mtoto anayemshtakia mama yake jambo lililotokea njiani. Nimesikiza Dholuo miaka kumi na minane na sikuweza kumfuata. Nilisikia jina la mume wake. Nilisikia Mwanza. Nikasimama pale nimebana sentensi yangu, nikingoja atue ili niiseme.

Hakutua.